Adhabu ya kubadilisha injini katika mbio: nani anapaswa kulipa?

Kundi letu la wapenda mbio hapa Lubumbashi linajiandaa kuanzisha mashindano madogo ya pikipiki, zile za CC 125 hadi 150 ambazo kila asubuhi hubeba abiria kutoka Katuba na Ruashi kuelekea katikati ya mji. Kanuni nyingi tulizikubali katika kikao kimoja: kofia ngumu, umri wa chini, idadi ya mizunguko, nani atashika bendera. Kanuni moja imetushinda hadi leo. Mshindani akibadilisha injini, au moteri kama tunavyosema huku Katanga, katikati ya msimu, afanywe nini? Mmoja wetu anataka arudishwe nyuma nafasi kadhaa kama katika Formula 1. Mwingine anataka aanzie pembeni kama katika MotoGP, ubingwa wa dunia wa pikipiki. Wa tatu, ambaye moyo wake uko kwenye rali, anataka aongezewe dakika, na yupo anayeona kwamba adhabu yoyote ni uonevu kwa sababu hakuna anayefurahi injini yake inapokufa. Nimeyalinganisha mapendekezo hayo kwa maandishi ili wenzangu, na wengine wanaotunga kanuni za aina hii, waone kila moja linamwangukia nani kabla hawajapiga kura.

Kwa nini injini zihesabiwe

Kikomo chenyewe cha idadi ya injini kina sababu nzuri, na anayetaka kukifuta inafaa akumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Katika miaka ya 1980, enzi ya injini za tabo (turbo), timu za Formula 1 zilikuwa zikifunga injini maalumu kwa ajili ya mchujo peke yake, yaani duru ya kupanga nafasi za kuanzia, zenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000 na uhai wa mizunguko michache tu, kisha zikafunga nyingine kwa mbio za Jumapili. Hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 timu tajiri iliweza kutumia injini kadhaa katika wikiendi moja, na timu maskini ikabaki kutazama. Mwaka 2004 ikaamriwa injini moja kwa wikiendi nzima. Mwaka 2005 injini moja ikatakiwa kudumu wikiendi mbili. Mwaka 2009 kila dereva akapewa injini nane za kutumia katika msimu wa mbio 17, na zilipoingia injini za V6 zenye mseto wa petroli na umeme mwaka 2014, hesabu ikawa tano, ikashuka hadi tatu mwaka 2018 katika msimu wa mbio 21. Mwaka 2024 zilikuwa nne kwa mbio 24, yaani kila injini ilitakiwa kubeba wastani wa mbio sita pamoja na mazoezi na michujo yake.

Kikomo hicho hakiwezi kusimama bila adhabu, kwa kuwa mwenye fedha atakivuka kila atakapoona faida. Kwa hiyo ninapima kila mfumo kwa maswali mawili: je, anayeumia ndiye aliyefanya uamuzi uliosababisha injini kubadilishwa? Na je, uzito wa adhabu ni uleule kwa kila anayeibeba, au unategemea alikosimama na uwanja anaokimbilia?

Kurudishwa nafasi kwenye gridi

Huu ndio mfumo unaojulikana zaidi, na ndio ninaoutilia shaka kuliko yote, kwa hiyo nitaukalia muda mrefu kidogo.

Katika kanuni za Formula 1 za miaka hii ya karibuni, injini haihesabiwi kama kitu kimoja. Sehemu ya mwako ina hesabu yake, tabo ina yake, na vivyo hivyo mota za kuzalisha umeme, betri na kifaa cha kuidhibiti. Kipande cha kwanza kinachozidi idadi iliyoruhusiwa humrudisha dereva nafasi 10, na kinachofuata cha aina hiyohiyo humrudisha 5. Uzuri wake ni kwamba adhabu inaonekana kwa macho: dereva aliyekuwa wa pili jana leo amesimama wa kumi na mbili, mtazamaji anaelewa, na mbio bado zipo za kupigania.

Ubaya unaanza pale tunapokumbuka kwamba nafasi za gridi, yaani mpangilio wa kuanzia mbio, hazina bei moja. Magari yakiwa 20, dereva aliyeshika nafasi ya kwanza hupoteza nafasi 10 kamili, lakini aliyeshika ya 18 hupoteza mbili tu, kwa maana nyuma yake hakuna pa kumrudisha. Mwaka 2015 huko Spa, Ubelgiji, madereva wawili wa McLaren, Fernando Alonso na Jenson Button, waliandikiwa jumla ya adhabu za nafasi 105 kwa sababu ya vipande vya injini ya Honda, katika gridi yenye magari 20. Hesabu hiyo haikuwa na maana yoyote ya kimichezo. Wote wawili walianza nyuma, pale ambapo wangekuwa hata kama wangeandikiwa nafasi 20. Tangu mwaka 2018, anayepita nafasi 15 hupelekwa nyuma ya gridi bila kuhesabiwa zaidi, jambo lililoondoa aibu ya tarakimu bila kuondoa kasoro yenyewe. Na madereva wengi wakiadhibiwa siku moja, gridi inageuka kuwa fumbo: huko Monza mwaka 2022 madereva tisa walikuwa na adhabu, na watu walisubiri kwa saa kadhaa kujua nani hasa angeanza wapi.

Bei ya nafasi hubadilika pia kwa uwanja. Spa ina kilomita 7 na sehemu ndefu zilizonyooka ambako gari lenye kasi linawapita wengine bila taabu kubwa. Monaco ina kilomita 3.3 za mitaa myembamba ambako hata gari bora zaidi duniani linaweza kukaa nyuma ya gari dhaifu hadi mwisho. Nafasi 10 za Monaco ni hukumu ya mbio nzima, ilhali nafasi 10 za Spa ni usumbufu wa nusu saa. Agosti 2022 Max Verstappen aliweka muda bora kuliko wote katika mchujo wa Spa, akaanza wa 14 kwa sababu ya injini, akashinda. Wakuu wa timu wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo maana hukaa na kalenda wakitafuta uwanja ambako adhabu itauma kidogo. Mimi siwezi kuiita haki adhabu ambayo anayeadhibiwa huchagua mwenyewe siku na mahali pa kuitumikia.

Mfano mbaya zaidi wa kuchagua huko ulionekana hukohuko Spa mwaka 2016. Lewis Hamilton, ambaye hazina yake ya injini ilikuwa imepungua, alifungiwa vipande vipya mara kadhaa katika wikiendi moja, akalimbikiza adhabu za nafasi 55, akaanza wa 21 na kumaliza wa tatu. Kwa adhabu ya siku moja timu yake ilijipatia akiba ya injini mpya za kutumia katika mbio zilizobaki. Hapakuwa na udanganyifu, kwa kuwa kanuni iliruhusu. Msimu uliofuata mlango huo ukafungwa: dereva akifunga vipya kadhaa katika wikiendi moja, cha mwisho tu ndicho anachoweza kukitumia baadaye bila adhabu nyingine. Wenzangu walizingatie hili, kwa sababu kijana wa hapa mjini mwenye baba tajiri atafikiri vilevile.

Ndani ya mfumo huu kuna tofauti moja ambayo watu huisahau, nayo ni kubwa kuliko idadi ya nafasi: je, injini zinahesabiwa kwa wikiendi au kwa msimu? Mwaka 2005, injini ilipotakiwa kudumu wikiendi mbili, hitilafu yoyote ya mazoezini ilileta adhabu papo hapo, hata kwa aliyekuwa mwangalifu mwaka mzima. Kimi Räikkönen alirudishwa nafasi 10 Ufaransa, akaanza wa 13 badala ya wa tatu. Uingereza akaanza wa 12 badala ya wa pili. Italia, alikokuwa na muda bora wa mchujo, akaanza wa 11. Alimaliza wa pili, wa tatu na wa nne. Japani, adhabu ya injini na mvua ya siku ya mchujo vilimweka wa 17, na bado alishinda kwa kumpita aliyeongoza kwenye mzunguko wa mwisho. Fernando Alonso alichukua ubingwa kwa alama 133 dhidi ya 112 za Räikkönen. Sidai kwamba adhabu peke yake ndiyo iliyomnyima taji, maana gari lake liliharibika pia katikati ya mbio alizokuwa akiongoza. Ninachosema ni kwamba chini ya hesabu ya msimu mzima angechukua injini nyingine katika akiba yake na kuanza alipostahili. Hesabu ya msimu huisambaza bahati mbaya, na kwa hilo naipendelea bila kusita. Gharama yake ni kwamba adhabu husogea hadi mwishoni mwa mwaka, wakati ubingwa umepamba moto: mwaka 2021 Hamilton alilipa nafasi 10 huko Istanbul, akaanza wa 11 baada ya kuwa wa kwanza kwenye mchujo na kumaliza wa tano, kisha akalipa 5 huko São Paulo na kushinda akiwa na injini mpya.

Dereva anapolipa deni la mwingine

Kwenye barabara ya kutoka Kolwezi kupitia Likasi hadi Kasumbalesa, malori ya shaba hayakatiki usiku na mchana, na kila dereva wa lori anajua mabishano haya: injini inakufa njiani, na patroni anataka kukata mshahara. Dereva anauliza kama yeye ndiye aliyenunua vipuri vya bei rahisi, kama yeye ndiye aliyeahirisha kubadilisha oili. Patroni mwadilifu hutofautisha dereva aliyeendesha lori likichemka na dereva aliyepewa lori bovu. Kanuni za Formula 1 hazifanyi tofauti hiyo hata kidogo, na hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote nilizotaja.

Novemba 2023 huko Las Vegas, katika mazoezi ya kwanza kabisa kwenye mitaa ya mji huo, Carlos Sainz aligonga mfuniko wa chuma uliokuwa umelegea barabarani. Sehemu ya chini ya Ferrari yake ilipasuka, na betri ikaharibika kiasi cha kutotumika tena. Dereva hakukosea, timu haikukosea, mtengenezaji wa injini hakukosea. Ferrari iliomba isamehewe. Waamuzi wenyewe waliandika kwamba kama wangekuwa na mamlaka ya kusamehe wangesamehe, lakini kanuni haikuwapa mamlaka hayo. Sainz aliweka muda wa pili kwenye mchujo, akaanza wa 12, akamaliza wa sita. Nimeifikiria hukumu ile mara nyingi, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo waamuzi walikiri kwa maandishi kwamba wanatoa adhabu wasiyoiamini.

Mwaka 2021 ulitoa mfano wa namna nyingine. Huko Silverstone, Hamilton na Verstappen waligusana katika mzunguko wa kwanza, na Verstappen akagonga ukuta kwa kishindo. Hamilton alipewa sekunde 10, akazitumikia, akashinda mbio. Injini ya Verstappen ilionekana baadaye kuwa na ufa, ikaondolewa katika akiba yake, na huko Sochi akalazimika kuanza wa mwisho na injini ya nne. Aliyeonekana na kosa alimaliza adhabu yake siku ileile, na aliyegongwa aliendelea kulipa miezi miwili baadaye. Wiki mbili baada ya Silverstone, huko Hungaria, gari la Lance Stroll lilimgonga Charles Leclerc, naye akapoteza injini kwa namna hiyohiyo.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuupita haraka. Mwaka 2022 Leclerc aliongoza mbio za Hispania na za Azerbaijan, na mara zote mbili injini ya Ferrari ikamwangusha. Kisha huko Kanada akaanza wa 19 kwa sababu ya vipande vipya. Mtu atasema alilipa mara mbili kwa kosa moja, na moyo wangu unasema hivyo pia. Lakini Ferrari yenyewe ndiyo iliyochagua kuunda injini yenye nguvu nyingi kabla ya kuwa na uhakika wa uhai wake. Kama kufa kwa injini hakuleti adhabu baadaye, kila mtengenezaji atachagua nguvu na kuacha uimara, na tutarudi katika miaka ya 1980 kwa njia ya uchochoroni. Kwa hiyo injini iliyokufa kwa udhaifu wake mwenyewe inapaswa kulipiwa. Iliyovunjwa na mfuniko wa barabara au na gari la mwingine haipaswi kulipiwa na aliyevunjiwa.

Kuanzia piti

Katika MotoGP, mpanda pikipiki anayetumia injini zaidi ya idadi aliyopewa huanzia kwenye njia ya piti, ile ya pembeni ya uwanja inayopita mbele ya mafundi, na hufunguliwa wenzake wakiwa wamekwisha kupita. Mwaka 2011, idadi ikiwa injini sita kwa msimu, Valentino Rossi alianza hivyo huko Aragón alipochukua ya saba kwenye Ducati yake. Mwaka 2020, msimu ulipofupishwa na janga la korona na idadi kuwa tano, Maverick Viñales alianza hivyohivyo huko Valencia.

Naupenda mfumo huu kwa usafi wake. Hakuna hesabu za 10 na 5, hakuna kusubiri kwa saa kadhaa kujua gridi, na hakuna wa kusogezwa mbele au nyuma kwa sababu ya adhabu ya jirani. Pengo analopewa mkosaji ni la sekunde, na sekunde zina urefu mmoja kwa kila mtu. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba uzito ni sawa kabisa. Aliyekuwa aanze wa kwanza anapoteza kila kitu alichokipata kwenye mchujo, na aliyekuwa aanze wa 16 anapoteza kidogo sana. Formula 1 nayo huwaanzisha piti wanaobadilisha injini au mipangilio ya gari baada ya mchujo, na Novemba 2025 huko São Paulo Verstappen, aliyekuwa ametolewa katika hatua ya kwanza ya mchujo, alifungiwa injini mpya, akaanzia piti, akamaliza wa tatu. Kwa aliyekwisha kuharibikiwa siku ya Jumamosi, adhabu hiyo ilikuwa karibu na zawadi.

NASCAR ya Marekani hufanya jambo linalofanana na hili: anayebadilisha injini baada ya mchujo hupelekwa nyuma ya kundi lote. Katika mbio za maili 500 zenye kusimamishwa mara kwa mara na magari kukusanywa upya, adhabu hiyo humezwa mapema, kwa hiyo haina mengi ya kutufundisha sisi wenye mbio za mizunguko 15.

Dakika za rali

Mwenzetu wa rali ana hoja moja nzuri. Katika rali kila gari hushindana na saa peke yake, kwa hiyo adhabu ya muda humpata wa kwanza na wa mwisho kwa kipimo kilekile. Lakini ubingwa wa dunia wa rali unatumia dakika 5, na dakika 5 ni nyingi mno. Julai 2023 Ott Tänak alirudi nyumbani kwao Estonia, injini ya Ford Puma yake ikabadilishwa kabla ya mashindano kuanza, na ndoto ya kushinda mbele ya watu wake ikafa kabla ya hatua ya kwanza. Barabara za Estonia ni laini na za kasi, na washindi hutenganishwa na sekunde. Dakika hizohizo 5 huko Naivasha, ambako Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, zingekuwa na uzito mwingine, kwa sababu mawe na vumbi laini la Kenya hula dakika kadhaa za mtu kwa tairi moja lililopasuka. Kwa hiyo hata saa haitoi usawa kamili pale adhabu inapokuwa na kipimo kimoja kwa ardhi tofauti.

Kumkata mtengenezaji alama

Aprili 2012, kabla ya mbio za magari za IndyCar huko Long Beach, Marekani, Chevrolet iliamua kubadilisha injini za magari yake yote 11 baada ya kugundua tatizo. Madereva 11 wakarudishwa nafasi 10 kila mmoja kwa uamuzi ambao hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Will Power alianza wa 12 na kushinda, ila ushindi wake haukuiponya kanuni. Baadaye mashindano hayo yalihamishia sehemu ya adhabu kwa watengenezaji kwa kuwakata alama za ubingwa wao, ingawa kurudishwa kwenye gridi hakukuondoka moja kwa moja.

Kwa swali langu la kwanza, la nani anaumia, huu ndio mfumo ulio karibu zaidi na haki. Aliyeunda injini dhaifu ndiye anayepungukiwa. Matatizo yake ni mawili. La kwanza ni kwamba dereva aliyepata injini mpya bila kupoteza chochote ana faida juu ya mwenzake mwenye injini iliyochoka, na mwenzake huyo ana haki ya kulalamika. La pili ni la timu zinazonunua injini kwa wengine. Mwaka 2024 McLaren ilichukua ubingwa wa timu za Formula 1 kwa injini za Mercedes, ambayo yenyewe ina timu inayoshindana nayo. Injini ya McLaren ikifa, nani akatwe alama? Ukimkata Mercedes, mshindani wake amefaidika na ubovu wa kitu alichokinunua. Ukimkata McLaren, umemwadhibu mteja kwa kosa la muuzaji. Kanuni ingelazimika kuwa na ubingwa wa tatu, wa watengenezaji wa injini peke yao, kama IndyCar ilivyo nao, na ubingwa huo uwe na fedha ndani yake ili mtu ajali kuupoteza.

Wengine wanasema kikomo cha matumizi kimekwisha kulimaliza suala hili, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kila timu ya Formula 1 ina dari ya bajeti, iliyoanzia dola milioni 145, na watengenezaji wa injini nao wakawekewa ya kwao mwaka 2023. Sikubaliani. Dari ya bajeti humzuia mtu kutumia fedha asizoruhusiwa, lakini haimzuii kuzielekeza zile alizo nazo kwenye injini ya ziada katika mbio zinazoamua ubingwa.

Ninachochagua, na kwa nani

Ningekuwa natunga kanuni za mashindano makubwa yenye viwanda nyuma yake, ningechagua hesabu ya msimu. Alama za mtengenezaji zikatwe kwa injini iliyokufa yenyewe. Dereva aanzie piti kwa injini ambayo bado ni nzima lakini timu imeamua kuibadilisha. Na waamuzi wapewe mamlaka ya kusamehe iliyovunjwa na uwanja au na mshindani mwingine. Injini iliyotolewa ifunguliwe na wakaguzi ili ijulikane ni ipi kati ya hizo tatu. Kurudishwa nafasi kwa nafasi ningekuacha kabisa.

Kwetu hapa hali ni tofauti, na wenzangu wanaonukuu Formula 1 wanasahau kwamba kwetu mpanda pikipiki ndiye mwenye pikipiki, ndiye fundi wake, na ndiye aliyekwenda kununua vipuri sokoni. Hoja ya dereva asiye na hatia, ambayo nimeitetea kwa nguvu hapo juu, inapungua sana mahali ambapo dereva na patroni ni mtu mmoja. Alama za mtengenezaji hazituhusu. Nafasi 10 kwenye gridi ya washindani 12 ni sawa na kusema wa mwisho kwa maneno mengi. Dakika za rali zingemtoa mtu kwenye mbio za robo saa kabla hajawasha.

Kinachobaki ni kuanzia pembeni. Pendekezo langu ni hili: kila mshindani aandikishe injini moja mwanzoni mwa msimu, na nambari yake iandikwe daftarini. Akiharibikiwa, aruhusiwe injini ya pili bila adhabu, kwa sharti kwamba ile ya kwanza ailete kwetu na tubaki nayo hadi mbio za mwisho, ili asiyekuwa na fedha asiondolewe na pistoni moja iliyokwama, na mwenye fedha asiwe na mbili za kuzungusha. Ya tatu, na kila itakayofuata, aanzie pembeni ya mstari na afunguliwe sekunde 10 baada ya bendera. Aliyegongwa na mwenzake, na mashahidi wapo, injini hiyo isihesabiwe. Sekunde 10 nimezichagua kwa kukadiria tu urefu wa uwanja wetu. Tukizijaribu kwenye mazoezi na kuona kwamba mwenye pikipiki nzuri anazifuta katika mizunguko miwili, tuziongeze kabla ya mbio za kwanza na tusiziguse tena hadi msimu uishe.

Jambo ambalo bado halina jibu ni lakiri. Nambari ya injini iko kwenye kasha la nje, na fundi hodari wa Kamalondo anaweza kubadilisha kila kitu kilicho ndani, silinda, pistoni na kichwa, kwa usiku mmoja bila kuigusa nambari hiyo. Mashindano makubwa hufunga injini kwa waya na muhuri ambao hauwezi kufunguliwa bila kuonekana. Waya na risasi za kufungia zinapatikana, zilezile zinazofungwa kwenye milango ya makontena ya shaba. Kinachokosekana ni mtu wa kuzifunga na kuzikagua ambaye hana ndugu wala mteja miongoni mwa washindani, na mtu huyo inabidi apatikane kabla ya kura kupigwa.